Kila chumba na sura yake, nyumba ibaki moja

Dada, umeuliza utakarabatije ili kila chumba kiwe na sura yake bila nyumba kuonekana viraka. Wengi huanza na rangi za kuta. Mimi ningeanza na sakafu. Tandaza vigae vya aina moja kutoka sebuleni hadi koridoni, na fremu za milango zote zipakwe rangi moja. Kisha chagua rangi tatu au nne tu, ila kipimo cha kila rangi kibadilike chumba hadi chumba: kijani kilichotawala chumba cha kulala kirudi sebuleni kwenye mito ya makochi pekee. Simama kila mlangoni. Vyumba vinavyoonekana kwa pamoja lazima vipatane. Bafuni, mlango ukishafungwa, thubutu upendavyo. Na tafadhali, jaribu rangi ukutani kwanza, uitazame mchana na usiku taa zikiwaka.