Arudi au abaki? Kwanza nataka kujua nani atamuuguza

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: mmisionari akipatwa na hofu ya ugonjwa mkubwa akiwa mbali na kwao, je, arudi nyumbani akatibiwe, au abaki na watu aliotumwa kwao? Limenigusa, kwa kuwa mimi ni muuguzi mstaafu wa hapa Bagamoyo, ni Mwislamu, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia katika zahanati ya masista. Wamisionari waliougua mbele ya macho yangu si wachache.

Jibu langu ni kwamba arudi, na nalisema bila kutafuna maneno. Wanaosifu kubaki mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kukesha na mgonjwa aliyekataa kwenda. Sisi wa hapa hatuhitaji kuhubiriwa juu ya jambo hilo, maana makaburi ya misheni tunayajua. Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika la wamisionari Wakatoliki, walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, na wengi wa wale wa mwanzo walizikwa hapa wakiwa bado vijana, wengine kabla hawajakizoea hata chakula chetu. Homa iliwamaliza wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeileta. Daktari Ronald Ross alikuja kulithibitisha hilo huko India mwaka 1897, karibu miaka thelathini baada ya msalaba wa kwanza kusimikwa ufukweni kwetu. Wale hawakuwa na njia. Wa leo anayo, na kuikataa njia iliyopo huku ukiiita imani ni jambo ambalo sijawahi kulipenda.

Tazameni pia habari ya Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, ambaye mwili wake ulilazwa pale kwenye mnara wa kanisa la zamani mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Watalii huambiwa habari za uvumilivu wake. Sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea tangu 1867. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alimkuta Ujiji mwaka 1871 akiwa hoi, akampa dawa na chakula, akamsihi warudi pamoja, naye akakataa, wakaagana karibu na Tabora mwezi Machi 1872. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 1873, alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Kwa Chuma na Susi, watumishi wake, kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Walikuwa wamembeba akiwa mgonjwa asiyeweza kutembea, wakamjengea kibanda cha kulala, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wao na wenzao wakautembeza kwa muda wa miezi tisa hadi hapa pwani. Mtu akiamua kubaki, anawaamulia na wengine, na hao hawaulizwi.

Sasa nije kwa yule Sista, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Jina lake na nchi yake sitavitaja. Inatosha kusema alitoka Ulaya, alifundisha watoto wa chekechea, na alikuwa amekaa kwetu muda mrefu kiasi cha kukosoa Kiswahili cha walimu wenzake. Siku moja aliingia chumba cha sindano baada ya wagonjwa kwisha, akafungua kitambaa cha kichwa, akaniambia, "Mama, hebu nishike hapa." Chini ya sikio la kushoto palikuwa na tezi iliyovimba, ukubwa wa kokwa ya zambarau, ngumu kiasi, isiyouma. Nilipogusa chini yake nikakuta nyingine ndogo. Nikamuuliza habari za usiku, akakiri kwamba shuka lake hulowa jasho na kwamba sketi zake zimeanza kumpwaya, jambo ambalo nililiona mwenyewe lakini nilidhani ni Kwaresima.

Kwa dalili hizo muuguzi yeyote huwaza mambo mawili: ama ni kifua kikuu cha tezi, ama ni saratani ya tezi. Kwa kuzigusa tu huwezi kuzitenganisha. Tulimpeleka katika hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam, wakafyonza majimaji ya tezi kwa sindano, wakatuambia tusubiri simu. Tulisubiri hadi tukachoka, na tulipofuatilia tukaambiwa sampuli haionekani, kwa hiyo arudi afyonzwe upya. Sitaki kuwasema zaidi, ila ni wakati wa kungoja huko kwa mara ya pili ambapo mambo yote yalitokea.

Kwanza, watu walijua. Bagamoyo ni mji mdogo, na mtu akienda Dar es Salaam asubuhi kwa gari la masista akarudi jioni na plasta shingoni, basi hadi Magomeni ya hapa kwetu wameshapata habari. Walikuja na uji wa mchele wa nazi, walikuja na machungwa, wakakaa mkekani wakimpa pole mmoja mmoja. Jirani yangu, bibi mcha Mungu sana, alimletea kombe, yaani aya za Kurani za kuoshwa kwa maji na kunywewa, iliyoandikwa kwa zafarani na mwalimu wa madrasa kwenye sahani nyeupe iliyofunikwa kawa. Sista aliipokea kwa mikono miwili na kumshukuru. Kama aliinywa au hakuinywa, hilo si shauri langu wala halikuwa shauri la bibi yule, ambaye aliondoka ameridhika.

Pili, ilinibidi nimwambie kuhusu kipimo. Kifua kikuu na VVU vimefuatana kwa miaka mingi, na utaratibu wetu ni kwamba kila anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu ashauriwe kupima. Kumwambia mtawa jambo hilo si kazi nyepesi, hasa ukijua kwamba barazani wapo waliokwisha kunong'ona. Aliniuliza kama na mimi nafikiria hivyo. Nikamjibu, "Sista, mimi sifikirii kitu, mimi napima." Akanyosha kidole. Tulikaa wawili tukiitazama ile karatasi ndogo ya kipimo juu ya meza, hadi muda ulipotimia na mstari ukabaki mmoja tu, yaani hana. Hakusema neno. Alichukua pamba, akajifuta tone la damu, kisha akaniomba nimpime na malaria, kwa kuwa eti alikuwa ameshatobolewa tayari.

Tatu, simu zilianza. Mama Mkuu wa shirika lao alipiga kutoka Ulaya, na daktari wao naye akapiga, na tiketi ikakatwa. Mimi nilikuwa upande wao. Nilimwambia waziwazi, "Nenda, mwanangu, huko majibu hayapotei." Alinijibu kwa utulivu kwamba kwao amebakiwa na mama mzee ambaye mwenyewe anahitaji kutazamwa, na ndugu anayeishi mji mwingine, kwamba atawekwa katika nyumba ya masista wastaafu ambao hamjui hata mmoja wao, apelekwe hospitali na dereva, arudishwe na dereva, afunge mlango. "Hapa usiku nikikohoa," alisema, "mlinzi ananiuliza." Nakiri kwamba neno hilo sikuwa na jibu lake. Mhariri, mliposema nyumbani, mlichukulia kwamba nyumbani kuna mtu.

Majibu yalifika kabla ya siku ya safari: kifua kikuu cha tezi. Hapo mambo yaligeuka kwa namna ambayo watu wa Ulaya hawakuitegemea, kwa kuwa ugonjwa huo tunaujua kuliko wao. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na ni katika nchi hii ambapo Dakta Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, akishirikiana na watumishi wetu wa afya, aliunda utaratibu ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni kote: dawa za muda mfupi, mgonjwa akimeza huku anaangaliwa. Daktari yule wa simuni aliuliza maswali ambayo msaidizi wangu wa zahanati angeyajibu akiwa anapanga mafaili.

Kwa hiyo alianza dozi hapa hapa: miezi miwili ya dawa nne zilizochanganywa katika kidonge kimoja, kisha miezi minne ya dawa mbili. Kila asubuhi alimeza mbele yangu kabla ya kengele ya chekechea. Nilimtahadharisha kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa, na bado siku ya kwanza alikuja mbio. Majirani waliouliza kama watenge kikombe chake niliwaeleza kwamba kifua kikuu kilicho kwenye tezi peke yake hakiambukizwi kwa kukaa naye wala kwa kula naye. Katikati ya dozi ile tezi ilivimba zaidi ya mwanzo, na simu za Ulaya zikaanza upya. Hilo nalo hutokea dawa zikiwa zinafanya kazi yake, nami nililiona kwa wagonjwa wengi kabla yake, kwa hiyo tulivumilia, na daktari wa wilaya akakubaliana nasi. Alipona. Miaka michache baadaye aliondoka kabisa, na kilichomwondoa ni maradhi ya mama yake, aliyehitaji mtu wa kumuuguza.

Nikiyasoma niliyoyaandika juu, naona kwamba nimeanza kwa kusema arudi na sasa mkono unasita. Basi niseme hivi: abaki, ikiwa ugonjwa umekwisha kujulikana na dawa yake ipo hapa, ikiwa wakubwa wake wameambiwa ukweli wote na si nusu, na ikiwa yupo mtu mwenye jina, si "jumuiya" kwa ujumla, atakayekuwa naye usiku na ambaye ameulizwa akakubali. Bila mtu huyo arudi, hata kama ni homa tu. Isipokuwa kama na huko hakuna mtu, na hapo wanaomtuma wana la kujibu zaidi yake yeye.

Wakati wa kungoja majibu bado sina uhakika nao. Kama sampuli ile ya pili ingesema saratani, ningemfungia mizigo mwenyewe, na hayo maneno ya mlinzi na kikohozi yasingenizuia. Vivyo hivyo kwa ugonjwa wa moyo, na kwa lolote ambalo siku zake zinahesabika: hapo nisisikie habari za kubaki, apande ndege ya kwanza, na sisi wa Bagamoyo hatutamnung'unikia.