Maswali na Majibu: Vifuko vya Mayai Ndani ya Ovari

Altrasaundi imeonyesha vifuko 9 kwenye ovari yangu ya kulia. Jirani anasema ni uvimbe, nikafanyiwe upasuaji. Nina miaka 27.

Usikimbilie kisu, dada. Kifuko ni nyumba ya yai: yai liko ndani, seli zimelizunguka, na kikikua kidogo hujaa majimaji. Kwenye picha huonekana kama vidoa vyeusi vya mm 2 hadi 9. Vifuko 9 kwa umri wako ni kawaida.

Vikianza vingi, mbona hukomaa kimoja?

Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutuma homoni ya FSH, ile inayokuza vifuko, kwa ovari zote mbili bila kubagua. Mchujo hufanyika humo humo ndani. Kifuko kilichotangulia kidogo hutoa homoni za estrojeni na inhibini nyingi kuliko wenzake, nazo huifanya tezi hiyo ipunguze FSH. Vilivyobaki nyuma hukosa chakula, vikanywea. Kilichotangulia hustahimili, maana kimeshajijengea vipokezi vya kunasa FSH na mishipa ya damu ya kutosha, kikaendelea hadi kufikia takriban mm 20 na kupasuka.

Yai nalo halikai likisubiri. Hutoa protini za GDF9 na BMP15 zinazozihimiza seli jirani kuongezeka. Huko New Zealand wapo kondoo wa Inverdale wenye hitilafu kwenye jeni ya BMP15. Jike aliyerithi nakala moja huzaa mapacha mara nyingi. Aliyerithi mbili ni tasa, vifuko vyake havikui. Kila nikilisimulia hili hunistaajabisha upya.

Nimemeza vidonge vya majira miaka 6. Mayai yangu yamehifadhika?

Hapana, wala hayajaharibika. Vidonge huzuia yai kupevuka, lakini vifuko vichanga huamka kutoka kwenye akiba ya ovari kila siku bila kungoja FSH.

Kipimo changu cha homoni ya AMH ni 0.7. Kliniki moja imeniambia sitazaa. Nina miaka 33, tunatafuta mtoto miezi 5 sasa.

Pole sana, na kauli hiyo si sahihi. AMH hutolewa na vifuko vidogo vinavyokua, na kazi yake mojawapo ni kuvituliza vilivyolala visiamke vyote kwa pamoja. Ikiwa chini, akiba imepungua. Haisemi kama yai la mwezi huu ni zima, nawe wahitaji moja tu. Kwa kuwa akiba ni ndogo, msingoje mwaka uishe. Muoneni daktari wa uzazi mapema. Hukueleza kama mumeo amepimwa mbegu. Nendeni wote wawili.