Jibu: Kuishi haki kabla haijapatikana kunasaidia nini?
Ndugu yangu, umeuliza mwanaharakati anapata nini kwa kuishi leo kama jamii anayoidai, ilhali sheria bado ni zile zile. Anapata uthabiti, tena mapema. Tazama Nashville, Marekani. Mwaka 1959 James Lawson, mwalimu wa kupinga ubaguzi bila vurugu, aliwafundisha wanafunzi kanisani kwa mazoezi ya kuigiza: mmoja anaketi, wenzake wanamtukana, wanamsukuma, wanampulizia moshi wa sigara usoni, naye halipizi. Februari 1960 walipokwenda kuketi kwenye kaunta za chakula zilizowabagua Weusi, woga ulikuwepo ila walishauzoea. Na kubwa zaidi kwa maoni yangu, aliyeketi pale kama raia kamili haombi tena ruhusa ya kuwa raia. Mei 10 mwaka huo huo kaunta kadhaa zikaanza kuwahudumia.