Kabla ya uso wa kaizari, tazama mikono

Sarafu yangu ya kwanza ya Kirumi niliiharibu mwenyewe. Niliinunua Uingereza, kwenye fungu la sarafu za shaba ambazo bado zimegandwa na udongo, nikaipiga siki na brashi ya waya kama masufuria ya shughuli. Nikabaki na kisahani kinachong'aa, hakina kaizari wala herufi. Kumbe ganda lile la kijani ndilo lililokuwa limehifadhi mchoro. Siku hizi naloweka kwenye maji yaliyokenekwa, nayabadilisha kila baada ya siku chache, kisha nachokonoa kwa kijiti cha meno. Huchukua wiki, hata miezi.

Ikishatakata, usihangaike na uso wa kaizari. Igeuze. Mara nyingi utakuta mwanamke kavaa vazi refu, anayewakilisha sifa au wazo fulani, na wote hufanana mpaka utazame walichoshika. Mwenye mizani ni Aequitas, haki. Mwenye tawi la mzeituni ni Pax, amani. Mwenye kofia ya mtumwa aliyeachwa huru ni Libertas, uhuru. Nilipomwona wa kwanza anayelisha nyoka nilidhani ni mchawi! Ni Salus, afya. Nyoka wa namna hiyo bado yupo kwenye vibao vya maduka ya dawa.

Ukishamjua, jiulize kaizari alikuwa na shida gani hata amtume huyo. Nerva, aliyetawala kuanzia mwaka 96 hadi 98, alitoa sarafu zenye mikono miwili iliyoshikana na maneno CONCORDIA EXERCITVVM, yaani maelewano ya majeshi. Mwaka 97 walinzi wake wenyewe walimwasi, wakamlazimisha awatoe waliomuua Domitian, kaizari aliyemtangulia. Tangu nisome hayo, kila sarafu inayosifu amani au umoja naitilia shaka kidogo.

Kwa anayeanza, ningeshauri sarafu ya kaizari Constantine yenye maneno VRBS ROMA, yaani mji wa Roma, iliyoanza kutolewa mwaka 330. Zipo tele, na mchoro hauna fumbo: mbwa mwitu jike ananyonyesha Romulus na Remus, mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma, nyota mbili juu yake. Chini ya miguu soma herufi za mji ilikofuliwa. TR ni Trier, ulioko Ujerumani ya leo, CONS ni Constantinople, yaani Istanbul ya leo. Yangu ni ya Trier. Sikio moja la mbwa mwitu bado lina udongo, nami siligusi.