Kwenu mnaoanza tasnifu kuhusu Marekani ya 1865 hadi 1900

Msimu huu nimeletewa tena rasimu za wanafunzi wa uzamili wanaoandika juu ya Marekani ya mwishoni mwa karne ya 19, na kabla sijafungua ukurasa wa pili nilikwishajua wa mwisho utasema nini. Sura ya pili ni upanuzi wa kuelekea magharibi, ya tatu ni viwanda, ya nne ni ubeberu, na kila moja imefungiwa chumba chake kana kwamba wakazi wake hawakupata kuonana. Nawapenda, wadogo zangu, na ndiyo maana nimekasirika.

La kwanza, kagueni majina yanayofanana. Sheria ya Homestead ya 1862, iliyompa mlowezi ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima kwa miaka 5, haihusiani na mgomo wa Homestead wa 1892, uliotokea katika mji wa jina hilo huko Pennsylvania, kwenye kiwanda cha chuma cha Andrew Carnegie. Rasimu moja imewagomesha wafua chuma wakidai ekari zao. Nilicheka mpaka mwenzangu wa ofisi akaja kuuliza kuna nini.

La pili, mwaka 1890 si ukuta. Ni kweli kwamba ripoti ya sensa ya mwaka huo ilisema mpaka wa makazi, yaani mstari uliotenga ardhi ya walowezi na ile ambayo hawajaifikia, hauonekani tena, na kwamba mwanahistoria Frederick Jackson Turner aliijengea juu ya tamko hilo hoja yake, kwamba mpaka huo ndio ulioiumba Marekani, mjini Chicago mwaka 1893. Lakini Alaska ilinunuliwa kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, wakati Walakota, mojawapo ya mataifa ya wenyeji, bado wanatawala sehemu kubwa ya nyanda za kaskazini, na walowezi waliendelea kuomba ardhi ya Homestead hata karne ya 20 ilipoanza. Anayeandika kwamba nafasi iliisha ndipo wakavuka bahari hajasoma tarehe zake mwenyewe.

La tatu linanihusu mimi. Tasnifu yangu ilikuwa na sura hizohizo, nami nilizionea fahari. Kadi zangu za kumbukumbu nilizitunza katika masanduku matatu, kila sura na sanduku lake, nikajiona mtu wa mpangilio. Siku ya utetezi, mtahini wa nje, mzee mtaratibu ambaye hakuwa ameinua sauti tangu asubuhi, aliniuliza swali nililolidhania la huruma: nimweleze kwa ufupi Jenerali Nelson Miles alikuwa nani. Nikajibu haraka kwamba ndiye aliyeongoza majeshi yaliyotua Guánica, Puerto Rico, Julai 1898, katika vita na Hispania. Akauliza, na kabla ya hapo? Nikanyamaza. Akaanza kunisomea tasnifu yangu. Miles aliyewapokea Chief Joseph wa Nez Perce mwaka 1877 na Geronimo wa Apache mwaka 1886 walipojisalimisha alikuwa katika sura ya pili. Miles aliyewaongoza askari mjini Chicago mwaka 1894, Rais Cleveland alipowatuma kuuvunja mgomo wa Pullman, wa wafanyakazi wa reli, alikuwa katika ya tatu. Nilikuwa nimemwandika kama watu watatu wasiojuana. Majina husahaulika, na hilo ningejisamehe. Kilichoniuma ni kwamba jibu la swali langu la utafiti lilikuwa ndani ya masanduku yangu muda wote: serikali iliyozoea kutumia jeshi na reli dhidi ya wenyeji ilitumia vyombo hivyohivyo dhidi ya wafanyakazi wa reli, kisha ikawapakia askari wale melini. Nilipewa marekebisho makubwa. Nyumbani walikuwa wamekwishaalika watu, kwa hiyo pilau ililiwa bila daktari.

Hata hivyo, msimgeuze Miles kuwa zimwi la kurahisishia hoja. Baada ya mauaji ya Wounded Knee ya tarehe 29 Desemba 1890, ambako askari wa farasi waliua Walakota wakiwemo wanawake na watoto wengi, ni yeye aliyemwondoa Kanali James Forsyth kwenye uongozi, na ni wakubwa wake wa Washington waliomrudisha.

La nne, fuateni deni. Benki ya Jay Cooke ilianguka mwaka 1873 kwa mzigo wa reli ya Northern Pacific. Anguko hilo likaleta mdororo wa uchumi, na nchi yenye madeni huitamani dhahabu. Mwaka uliofuata msafara wa kijeshi wa Custer ukatangaza dhahabu katika vilima vya Black Hills, ardhi ambayo Walakota walikuwa wameahidiwa kwa mkataba wa 1868.

La tano, someni hukumu za Mahakama ya Juu kabla ya hotuba za wanasiasa. Mwaka 1831 iliwaita Wacherokee, taifa jingine la wenyeji, taifa tegemezi la ndani. Mwaka 1901, katika kesi ya Downes iliyoanzia kwenye ushuru wa machungwa, iliamua kwamba Puerto Rico ni mali ya Marekani lakini si sehemu yake katika suala la ushuru. Na mwaka 1903, katika kesi ya Lone Wolf, ililiruhusu Bunge kuvunja mikataba na wenyeji. Atakayeniletea sura ya nne isiyozitaja hukumu hizo pamoja, nitamrudishia bila kuisoma.