Mzigo uchukuliwe "until Friday" au "by Friday"?

SWALI: Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na sehemu ya kazi yangu ni kuwaandikia wateja wetu wa nje kwa Kiingereza. Mwezi uliopita niliandika tangazo hili: "You must collect your goods until Friday." Mteja mmoja aliuliza kama anatakiwa kuja kuchukua mzigo kila siku mpaka Ijumaa ifike. Msimamizi wangu alifuta "until" akaweka "by", bila kunieleza sababu. Wiki hiyohiyo tulipokea barua iliyosema "You can pay until Friday", na kila mtu akaona iko sawa. Je, kanuni ni ipi? Na sentensi "She must be at the office by now" ni amri au si amri?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kosa lako limetokana na neno "hadi", ambalo kwetu hufanya kazi mbili bila kumsumbua mtu. Ukisema "nitakaa Tanga hadi Ijumaa", kukaa kunaendelea siku zote hizo. Ukisema "mwisho wa kuleta fedha ni hadi Ijumaa", fedha italetwa mara moja tu, na Ijumaa ndiyo mpaka wake. Kitenzi chenyewe hutuonyesha maana iliyokusudiwa. Kiingereza kimezigawa kazi hizo: "until" hutumika kwa jambo linaloendelea mpaka wakati uliotajwa, na "by" kwa jambo linalotakiwa liwe limekwisha wakati huo ukifika. Kuchukua mzigo ni tendo la mara moja, kwa hiyo "must collect until" ilimfanya mteja wako adhani kuwa tendo hilo linarudiwa siku baada ya siku. Ukitaka kufasiri "by Friday" kwa Kiswahili kisicho na utata, andika "kufikia Ijumaa", wala si "kabla ya Ijumaa", kwa sababu anayekuja Ijumaa yenyewe hajachelewa.

Sasa tuje kwenye "You can pay until Friday", ambayo ndiyo sehemu inayonivutia zaidi katika swali lako. Kulipa nako ni tendo la mara moja, na bado sentensi hiyo ni sahihi kabisa. Sababu ni kwamba kirai kihusishi "until Friday" hakifungamani na tendo la kulipa, bali kinafungamana na ruhusa iliyomo ndani ya "can": ruhusa hiyo iko wazi leo, kesho na keshokutwa, kisha inafungwa Ijumaa. Ruhusa ni kitu kinachodumu, na "until" hupenda vitu vinavyodumu. Kwa "must" mambo hugeuka, kwa kuwa anayewekewa sharti huangalia siku ambayo tendo lenyewe litakuwa limetimia, ndiyo maana tunaandika "You must pay by Friday". Kwa hiyo unapochagua kati ya "until" na "by", usikitazame kitenzi kikuu peke yake. Tazama pia kitenzi kisaidizi kilichokitangulia.

Kukanusha kuna hatari yake, hasa katika kazi kama yako. "You must not open the container until Friday" ni katazo: kontena libaki limefungwa mpaka siku hiyo. Kufungua ni tendo la mara moja, lakini kutofungua kunaendelea, na hapo "until" inakaa mahali pake. "You do not have to pay until Friday" si katazo hata kidogo. Mteja halazimiki kulipa sasa, ingawa akitaka kulipa leo hakuna wa kumzuia. Ni tofauti ileile iliyopo kati ya "lazima usilipe" na "si lazima ulipe", na anayeichanganya anaweza kumzuia mteja kufanya jambo ambalo anaruhusiwa kulifanya.

Kuhusu "She must be at the office by now", hiyo si amri. Linganisha na "She must be at the office by eight". Maneno ni yaleyale isipokuwa la mwisho, lakini "by eight", yaani kufikia saa mbili, kwa kawaida huleta maana ya wajibu: ni lazima awe ofisini saa hiyo. "By now" huleta makisio ya msemaji, anayetazama saa na kusema: bila shaka ameshafika ofisini. Kiswahili hutenganisha maana hizo kwa umbo la kitenzi, "awe" upande mmoja na "atakuwa ameshafika" upande wa pili. Katika sentensi hizi mbili za Kiingereza, kirai cha mwishoni ndicho kinachotupa dalili.

Katika sehemu ya barua yako ambayo nafasi haikuturuhusu kuichapa, umetaja pia "I must to the bank". Katika zama za Shakespeare mtu aliweza kuiacha "go" namna hiyo, na Wajerumani mpaka leo husema "Ich muss nach Hause" wakiwa na maana ya "lazima niende nyumbani". Katika Kiingereza cha leo cha ofisini, andika "I must go to the bank".

Tangazo lako, basi, ningeliandika hivi: "You must collect your goods by Friday. You can collect them from our office until 4 p.m. each day." Sentensi ya kwanza inaweka siku ya mwisho ya mzigo kuondoka, na ya pili inamweleza mteja kwamba mlango uko wazi kila siku mpaka saa kumi jioni.