486 iliyolala stoo: ifungue kabla hujaiwasha

Mkuu uliyeuliza kutoka Mafinga kama ile kompyuta ya zamani ya 486 uliyoikuta stoo ya shule inaweza kufufuka: inaweza, ila usiichomeke kwenye umeme kwanza. Nafufua mashine za aina hii hapa Mbeya, na nyingi nilizozikuta zimekufa hazikuuawa na uzee. Zimeuawa na betri.

Fungua kasha, tazama mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) karibu na tundu la kibodi. Bodi nyingi za wakati ule zina kipipa kidogo cha volti 3.6, mara nyingi cha bluu, kimechomelewa palepale. Hiyo ni betri ya nikeli na kadimi, inatunza saa na mipangilio mashine ikizimwa. Ikikaa miaka inavuja, na majimaji yake yanatambaa chini ya rangi ya bodi yakila njia za shaba. Utaona unga wa kijani. Kwa unyevu wetu wa masika huku nyanda za juu, kutu haipumziki.

Ikate betri hiyo leo, hata kama haijavuja. Wengi husema kinachovuja ni asidi, kumbe ni besi, yaani kinyume cha asidi, ndiyo maana dawa yake ni siki. Sugua taratibu kwa mswaki, suuza kwa maji safi, malizia na spiriti, acha ikauke kabisa. Kisha pima njia moja moja kwa multimita, uone kama umeme unapita. Bodi niliyoipata Mwanjelwa ilikuwa inanidai nibonyeze kitufe cha F1 huku kibodi haisomi. Njia moja tu kutoka kwenye tundu ilikuwa imelika. Nikaunga uzi mwembamba wa shaba, DOS, mfumo endeshi wa zama zile, ikapanda. Ile furaha siwezi kuieleza!

Sasa umeme. Kama mashine ilitoka Marekani, angalia kiswichi chekundu nyuma ya pawa saplai: kikiwa 115, kisogeze 230, la sivyo utasikia mlipuko. Na zile plagi mbili za P8 na P9 zinazoingia kwenye bodi, nyaya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza umeiua bodi, hapo hakuna msamaha.

Hadidiski isikuumize kichwa. Ikigoma, kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash yenye adapta ya IDE (waya wa hadidiski za zamani) inafanya kazi yake, ila BIOS nyingi za zamani, yaani programu ya bodi inayoiwasha mashine, hazivuki MB 504, kwa hiyo usihangaike na kadi kubwa.

Piga picha ya pale betri ilipo uiweke hapa, nikuoneshe njia za kuanza kupima.